Nairobi hadi New York: moja kwa moja, kupitia Ghuba au kupitia Ulaya?

Dada yangu alipojifungua kule New Jersey, swali lililotushughulisha nyumbani halikuwa jina la mtoto. Lilikuwa Mama atapitia wapi. Kila aliyewahi kupanda ndege alikuwa na jibu lake. Binamu yangu alisema Dubai, "shangazi apumzike kidogo njiani." Jirani yetu wa South B alisema Amsterdam, kwa kuwa ndiko alikopitia yeye. Mjomba, ambaye safari yake ya mbali kabisa iliishia Namanga, alitangaza kwamba mama wa miaka 71 hawezi kukaa hewani saa kumi na tano mfululizo. Mama mwenyewe, aliyekuwa ametoka Voi kwa treni mchana huo, aliuliza jambo moja tu: "Choo kitakuwa karibu?"

Mimi ndiye ninayekatia ukoo huu tiketi, na njia zote tatu nimezipanda mwenyewe. Basi nitoe msimamo wangu mapema, usije ukasoma ukisubiri. Kama safari inaishia New York yenyewe, na msafiri ni mzee, au ni mara yake ya kwanza, au ana watoto wadogo, apande ndege ya moja kwa moja. Kama miguu au mgongo unataka kupumzika katikati, apitie Ulaya, asipitie Ghuba. Ghuba ni ya mtu anayesaka nafuu ya bei, au anayekwenda mji mwingine kabisa wa Marekani. Najua wengi husema kinyume, hasa hapo kwenye kupumzika, na ndiyo maana nimeona niandike.

Tuanze na ramani

Kutoka uwanja wa Jomo Kenyatta (JKIA) hadi ule wa JFK wa New York, ukipima kwa mstari mfupi kuliko yote juu ya mgongo wa dunia, ni kama kilomita 11,840. Aliyezoea kupima mwendo kwa safari za Pwani ahesabu hivi: kwenda Mombasa kwa barabara na kurudi mara kumi na mbili, kisha aanze ya kumi na tatu.

Ramani ya ukutani inadanganya kuhusu mstari huo. Ukiweka rula juu yake utadhani ndege itakata Kongo, itokee Afrika Magharibi na kuvuka bahari. Sivyo. Dunia ni mviringo, na njia fupi inapanda kaskazini-magharibi: Uganda, Sudan Kusini, ukingo wa Darfur, Chad, Niger, Algeria, Morocco, halafu Atlantiki. Katikati kabisa ya safari, ukiwa umebakiza kilomita zilezile ulizokwisha kwenda, uko karibu na Marrakech. Chukua uzi na tufe la darasani ujaribu mwenyewe, utaona.

Sasa tazama miji ya kubadilishia ndege ilivyokaa kando ya uzi huo. London na Amsterdam ziko juu yake kidogo, kama mtu anayetoka mjini kwenda Thika akachepuka Ruiru kununua mkate. Dubai na Doha ziko nyuma ya mgongo wako. Unaondoka Nairobi ukielekea mashariki na kaskazini, saa tano nzima, ilhali unakokwenda ni magharibi.

Hizi hapa takwimu za umbali, nimezikadiria hadi kumi iliyo karibu. Saa ni za hewani tu, za kawaida, upande wa kwenda:

| Njia | Kilomita | Saa hewani |
|---|---|---|
| Moja kwa moja | 11,840 | 15 |
| Kupitia London | 6,840 + 5,540 = 12,380 | karibu 9 + 8 |
| Kupitia Amsterdam | 6,680 + 5,850 = 12,530 | 8 na nusu + 8 |
| Kupitia Istanbul | 4,810 + 8,040 = 12,850 | karibu 7 + 11 |
| Kupitia Doha | 3,350 + 10,780 = 14,130 | 5 + 14 |
| Kupitia Dubai | 3,560 + 11,010 = 14,570 | 5 + 14 |

Ndege zenyewe hazifuati mistari hii barabara. Sehemu kubwa ya anga ya Sudan imekuwa haipitiki kwa ndege za abiria tangu vita vilipozuka Aprili 2023, na zile za Ulaya zilizokuwa zikikata juu ya Khartoum zinalazimika kuzunguka. Rubani naye hufuata upepo kuliko rula. Hata hivyo uwiano unabaki uleule: anayepitia London anaongeza kilomita 540 hivi, anayepitia Dubai anaongeza zaidi ya 2,700.

Rudia mstari wa mwisho wa jedwali. Kipande cha pili cha Dubai, kutoka pale hadi JFK, ni kilomita 11,010. Kimepungukiwa na kilomita 830 tu kufikia safari nzima ya moja kwa moja kutoka Nairobi. Yaani binamu yangu alitaka Mama akae saa tano kwenye ndege ya kwanza, ashuke, atembee, asubiri, kisha apande ndege nyingine akae karibu muda uleule ambao angekaa kama angetoka hapa moja kwa moja. Huko si kupumzika njiani. Ni kuongezewa safari ya kwenda Ghuba kabla ya safari ya Marekani.

Nilipomweleza alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Lakini Dubai kuna maduka." Hapo sikuwa na la kumjibu, maduka yapo.

Ndege ya moja kwa moja

Kenya Airways ilianza kuruka kati ya Nairobi na New York bila kutua popote tarehe 28 Oktoba 2018. Kabla ya 2017 haikuwezekana hata kisheria: mamlaka ya anga ya Marekani iliipa Kenya daraja la kwanza la usalama Februari 2017, na bila daraja hilo shirika la Kenya haliwezi kuanzisha safari ya kwenda huko. Ndege inayotumika ni Boeing 787-8, ile inayoitwa Dreamliner, yenye viti 234, ambavyo 204 ni vya daraja la kawaida.

Kwenda ni saa kama kumi na tano, kurudi ni kama kumi na nne. Tofauti hiyo inaletwa na upepo mkali wa juu unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Ukielekea Marekani unapigana nao, ukirudi unakusukuma.

Kwa kawaida ndege huondoka Nairobi usiku. Wapo wanaolalamika kuhusu saa hizo, na mimi nilikuwa mmoja wao hadi nilipoelewa sababu mojawapo. JKIA iko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, mbawa hazipati cha kushika kama zinavyopata Mombasa, na injini nazo hupoteza nguvu. Ndege iliyobeba mafuta ya saa kumi na tano ni nzito mno. Kwa joto la mchana ingelazimika kuacha sehemu ya mzigo au abiria. Usiku hewa hupoa na kuwa nzito zaidi, na njia ya kurukia yenye zaidi ya kilomita nne inamalizia kazi. Addis Ababa, iliyo juu zaidi kwa mita kama 700, ina shida hiyo maradufu. Ndiyo maana ndege za kutoka pale kwenda Marekani zimezoea kutua mahali njiani kuongeza mafuta, ilhali baadhi yake zikirudi huja bila kutua. Nimeitaja Addis kwa sababu wengi wetu huiona kwenye orodha ya bei na kudhani "kituo kimoja" maana yake ni kimoja. Hesabu vituo vyote, hata kile ambacho hushuki kwenye kiti.

Kuna jambo jingine la Dreamliner ambalo Mnairobi ana haki ya kulifurahia. Ndege inaporuka juu kabisa, hewa ndani yake hubanwa hadi ilingane na ya mahali palipo mita 1,800 hivi juu ya bahari. Katikati ya jiji la Nairobi ni mita 1,795. Unavuka Sahara ukivuta hewa ya Moi Avenue, bila moshi wa matatu. Ndege nyingi za kizazi cha nyuma huwekwa kwenye kiwango cha hadi mita 2,400, na mtu wa Pwani hulisikia hilo kichwani.

Tatizo la saa kumi na tano ni miguu, na hapa Mjomba hakukosea moja kwa moja. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2007 matokeo ya utafiti yaliyoonyesha kwamba hatari ya damu kuganda kwenye mishipa huongezeka kama mara mbili kwa safari ya kukaa saa nne na zaidi. Mara mbili inatisha, lakini ni mara mbili ya kitu kidogo: hata ikishaongezeka ni kama mtu mmoja kati ya 6,000. Na tazama tena hiyo saa nne. Kipande cha Dubai hadi New York kimeipita mara tatu na nusu. Cha Amsterdam hadi New York kimeipita mara mbili. Hakuna njia ya kufika Marekani bila kuivuka, kwa hiyo dawa ni ileile popote utakapopitia: kuamka na kutembea, kuzungusha vifundo vya miguu, kunywa maji, na soksi za kubana kwa anayeambiwa na daktari wake. Mwenye shinikizo la damu, aliyefanyiwa upasuaji karibuni au mjamzito aonane na daktari kabla ya kununua tiketi, asingoje siku ya safari.

Mama nilimwekea kiti cha kwenye njia, safu tatu kutoka chooni. Safu ya chooni kabisa usiikubali. Mlango unafungwa na kufunguliwa usiku kucha na watu husimama foleni wakikuegemea bega.

Kupitia Ulaya

Hii ndiyo njia inayokata safari vipande viwili vinavyokaribiana: saa nane na nusu, halafu nane. Unaondoka Nairobi usiku, unalala, unafika Amsterdam au London asubuhi, unanawa uso, unatembea uwanja mzima mara mbili, kisha unavuka Atlantiki mchana. Kwa mtu mwenye mgongo mbovu, kama mimi, hiyo ndiyo starehe pekee ninayoijua katika safari hizi. Jumla ukiweka saa tatu za kusubiri ni saa ishirini hivi. Unapoteza saa tano kwa kulinganisha na ndege ya moja kwa moja, lakini ni saa moja na nusu tu kati ya hizo uliyoongezewa hewani, nyingine umezitembea.

London ina faida moja isiyosemwa sana: ndege za kwenda Newark ziko za kutosha. Newark iko New Jersey. Anayekwenda kwa jamaa wa New Jersey akishukia JFK inabidi avukishwe jiji zima na mito miwili, na saa za foleni ya magari hiyo ni safari nyingine ya saa mbili. Dada yangu alituambia hayo baada ya tiketi kununuliwa. Ndivyo alivyo.

Ubaya wa Ulaya ni karatasi. Masharti ya kupita uwanjani hutegemea pasipoti yako na viza uliyo nayo, na Uingereza ina utaratibu wake tofauti na ule wa Uholanzi au Ufaransa. Usimsikilize aliyepita mwaka juzi. Soma kwenye tovuti ya ubalozi husika kabla hujalipa, maana kaunta ya Nairobi ndiyo itakayokuzuia, na ikikuzuia pale hakuna wa kumlilia. Baridi nayo ina mambo yake: theluji ya Januari ikifunga uwanja wa Amsterdam, saa tatu zako za kusubiri zinaweza kuwa siku nzima.

Istanbul naiweka hapa ingawa Waturuki wenyewe wako Ulaya na Asia kwa pamoja. Vipande vyake ni saba na kumi na moja, katikati ya London na Dubai kwa kila kitu. Majirani zangu wa Eastleigh wanaipenda kwa sababu chakula ni halali bila kuuliza na mahali pa kuswalia hapatafutwi. Sababu hiyo ni nzito kuliko kilomita mia tatu.

Kupitia Ghuba

Nimeisema vibaya vya kutosha, sasa niitendee haki. Kutoka Nairobi kwenda Dubai na Doha ndege ni nyingi kwa siku, kwa hiyo ukikosa moja kuna nyingine. Bei mara nyingi hushuka chini ya ile ya moja kwa moja, hasa Desemba na Julai wakati kila Mkenya wa ughaibuni anasafiri. Na kama mwisho wako si New York, Ghuba inageuka kuwa hodari. Anayekwenda Dallas atapata ndege ya kumfikisha Dallas kutoka Doha na kutoka Dubai. Wa Seattle atapata ya Dubai. Vilevile Amsterdam inakwenda Atlanta na Minneapolis bila kugusa New York.

Hili ni jambo ambalo watu hulisahau wakishaona neno "moja kwa moja". Ndege ya moja kwa moja ni ya moja kwa moja kwa mtu wa New York tu. Wa Minneapolis akiipanda atabadilisha ndege JFK, na kubadilisha ndege ndani ya Marekani si kama Doha. Sheria yao ni kwamba uwanja wa kwanza unaotua ndipo unapohojiwa na uhamiaji, ndipo unapochukua mabegi yako kwenye mkanda, ukayapitisha forodha, kisha ukayakabidhi upya. Umetoka kwenye kiti cha saa kumi na tano, unasukuma kilo 46, unatafuta kaunta ya shirika jingine. Ukikata tiketi hiyo, acha saa nne katikati, zisipungue. Ukipitia Ghuba au Ulaya kwa tiketi moja, begi linafungwa lebo Nairobi na unakutana nalo Marekani, hata kama ndege ni mbili.

Nasema tiketi *moja*. Kuna vijana wanaokata mbili, moja ya Nairobi hadi Dubai na nyingine ya Dubai hadi Marekani, kwa kuwa jumla imetoka chini kidogo. Ya kwanza ikichelewa, shirika la pili halikujui. Kiti chako kimekwenda na hela yako imekwenda.

Abu Dhabi ina kitu chake cha peke yake katika pande zile: tangu 2014 maofisa wa Marekani wako palepale. Unahojiwa kabla ya kupanda, na ukitua New York unatoka kama mtu aliyetoka Chicago. Kwa anayeogopa foleni ya uhamiaji akiwa amechoka, hilo lina thamani.

Saa, na zile saa nyingine

Sasa kuna saa za safari na kuna saa za ukutani, na zinachanganya watu kuliko viza. New York iko nyuma yetu saa nane wakati wa baridi na saa saba wakati wa joto. Kenya haibadilishi saa; wao husogeza mbele Jumapili ya pili ya Machi na kurudisha nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba. Chukua mfano: ndege imeondoka Nairobi saa tano na nusu usiku, mwezi wa Januari. Ongeza kumi na tano, hapa nyumbani ni saa nane na nusu mchana. Ondoa nane: New York ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Umelala usiku mmoja mrefu ajabu na umefika alfajiri ya siku ya pili. Mwili unajua ni mchana, jua halijui.

Ukipitia Dubai, unaisogeza saa mbele saa moja kwanza, kisha unairudisha tisa. Mimi baada ya safari ile niliamka saa tisa usiku kwa siku sita, nikiwa na njaa ya ugali.

Kuhusu kusoma tiketi, nisimulie aibu yetu. Miaka michache iliyopita binamu yangu, huyuhuyu wa Dubai, alikuwa na ndege iliyoandikwa tarehe 14, saa 00:40. Sisi tunaosema kwa Kiswahili tunajua usiku huo ni wa kuamkia tarehe 14, kwa hiyo mtu anatoka nyumbani jioni ya tarehe 13. Yeye alisoma "14" akatulia. Jioni ya tarehe 14 tulimsindikiza magari mawili, na dua, na kuku wa kukaanga kwenye karatasi. Kaunta ikatuambia ndege imeondoka jana. Kosa lilikuwa letu wote, hakuna hata mmoja aliyeisoma mara ya pili. Tangu hapo tiketi yoyote inayoanza na 00 naiandika upya kwa maneno: "Usiku wa Jumanne kuamkia Jumatano, saa sita na dakika arobaini. Toka nyumbani Jumanne saa mbili usiku." Naituma kwa msafiri na kwa dereva.

Kutoka saa mbili usiku si mapema mno hata kidogo. Barabara ya Expressway imetusaidia tangu 2022, lakini kabla ya kufika majengo ya abiria bado kuna ukaguzi wa magari, mnashuka na kutembea kupitia mashine huku dereva akipita peke yake. Siku ya mvua, Mombasa Road ikifunga, nimeona watu wakivuta mabegi kwa miguu.

Mizigo na usaidizi, kwa ufupi

Safari za Marekani kwa desturi huruhusu mabegi mawili ya kilo 23 katika daraja la kawaida, ila tiketi za bei ya chini kabisa siku hizi hunyimwa la pili. Soma kabla ya kulinganisha bei, kwa sababu tiketi ya "nafuu" ikishaongezewa begi inaweza kuipita ile ya ghali. Mama alitaka kubeba nyama kavu. Marekani hairuhusu. Majani ya chai na unga wa wimbi vinapita. Waambie forodhani kwamba una chakula, wakague, waone, wakuruhusu. Anayeficha ndiye anayetozwa faini.

Kiti cha magurudumu ni bure na kinaombwa wakati wa kukata tiketi, au saa 48 kabla. Si lazima mtu awe hawezi kutembea. Kwa mzee anayebadilisha ndege, faida kubwa ya kiti hicho ni yule anayekisukuma: anajua lango, anajua lifti, na anaongea na maofisa. Kama lazima Mama apitie Amsterdam au Doha peke yake, hilo ndilo litakalomfikisha, wala si ramani niliyomchorea mimi.

Tulichoamua

Alikwenda moja kwa moja, mwezi wa Januari. Mjomba alimwombea dua ndefu. Alipiga simu akiwa garini na dada yangu, hapa ikiwa saa kumi jioni na kule saa mbili asubuhi, akasema amelala hadi akachoka kulala, na kwamba alitembea mpaka mkiani na kurudi mara tisa kama nilivyomwagiza, hata mhudumu akamuuliza kama anatafuta mtu.

Kurudi ni Machi. Niliwaza kumpitisha London aondokee Newark, karibu na nyumbani kwa dada, lakini ndege ya moja kwa moja ya kurudi ina saa moja pungufu na inaondoka mchana, anatua hapa asubuhi ya siku ya pili kukiwa kumekucha, na treni ya Voi anaiwahi kesho yake akiwa amelala kitandani kwake South B. Shida ni kwamba wiki yake ya safari ndiyo ileile Wamarekani wanayosogeza saa. Akiondoka Ijumaa saa sita na nusu mchana ya kule, atatua Jumamosi saa nne na nusu asubuhi. Akiondoka Jumatatu saa ileile, atatua Jumanne saa tatu na nusu. Binamu ndiye atakayempokea, na nimemwandikia zote mbili kwa maneno.